Mashini ya kukimbilia: kutoka boloko ya Uingereza mpaka sale zetu za mazoezi

Lubumbashi. Siku hizi swali moja linarudi mara nyingi katika karteri zetu. Baba fulani ameambiwa na munganga kwamba presha yake imepanda, inafaa atembee kila siku. Mama fulani anataka kupunguza uzito lakini haoni vizuri kukimbia barabarani gizani. Vijana wa sale ya mazoezi wamechanga feza kwa likelemba na wanataka kununua mashini yao ya kwanza. Wote wanauliza jambo moja: tununue mashini gani ya kukimbilia, ile ambayo wengi mjini wanaiita tapi?

Muuzaji atawajibu kwa kuwaonyesha taa, kioo, spika na bei. Sisi tunataka kujibu kwa njia nyingine, kwa kueleza mashini hiyo ilitoka wapi. Maana haikuzaliwa dukani. Ilizaliwa gerezani, kama adhabu. Baadaye iliingia katika maabara na kwa waganga wa moyo, kama kipimo. Mwisho ndipo ikaingia nyumbani, kama bidhaa. Kila mmoja kati ya hawa watatu, askari wa gereza, munganga na muuzaji, aliacha kitu chake ndani ya mashini hiyo. Anayejua historia hiyo anajua pia maswali ya kuuliza kabla ya kutoa feza yake.

Kinu kisichosaga kitu

Wazo la kutumia miguu ya watu kuzungusha gurudumu ni la zamani sana. Waroma walikuwa na winchi za kuinulia mawe zilizozungushwa na watu waliotembea ndani ya gurudumu kubwa la mbao. Mchongo wa jiwe wa kaburi la jamaa ya Haterii, huko Roma, unaonyesha winchi ya namna hiyo, na una umri wa miaka 1900 hivi. Wajenzi wa makanisa makubwa ya Ulaya nao walitumia magurudumu kama hayo. Kazi ilikuwa ngumu na ya hatari, lakini ilikuwa kazi: jiwe lilipanda, ukuta ulijengwa.

Mabadiliko yalikuja Uingereza karibu na mwaka wa 1818. Fundi mmoja jina lake William Cubitt, mtoto wa msagaji wa nafaka kutoka Norfolk, alitengeneza gurudumu la kukanyaga kwa ajili ya gereza la Bury St Edmunds. Wakuu wa magereza walikuwa wakilalamika kwamba wafungwa wanakaa bure mchana kutwa. Cubitt aliwapa dawa. Gurudumu lake lilikuwa refu kwa upana, kama pipa kubwa lililolazwa, nalo lilikuwa na vidaraja vya mbao kuuzunguka mwili wake wote. Wafungwa walisimama nje yake kwa mstari, wakishika upau wa mbao mbele yao, na kupanda. Kila aliyekanyaga kidaraja alikishusha kwa uzito wake, na kidaraja kingine kikaja. Ilikuwa ngazi isiyo na juu.

Mwaka wa 1821 gurudumu kama hilo likawekwa katika gereza la Brixton, kusini mwa London, nalo lilikuwa likisaga nafaka. Kutoka hapo lilienea upesi. Mwaka wa 1822 lilifika New York, katika gereza la Bellevue.

Tufanye hesabu kidogo ili tuelewe uzito wake. Kidaraja kimoja kilikuwa na kimo cha sentimita 20 hivi. Mtu akikanyaga vidaraja 50 kwa dakika, anapanda mita 10 kwa dakika. Kwa saa moja ni mita 600. Wasomaji wa hapa Lubumbashi wanaijua shimini ya Gécamines, ile inayoonekana toka pande zote za mji. Urefu wake unapita kidogo mita 150. Basi saa moja ya gurudumu ni kama kuipanda shimini hiyo mara nne. Na mfungwa hakufanya saa moja tu. Alipanda, akapumzishwa dakika chache, akarudishwa tena, mpaka siku iishe, huku chakula chake kikiwa ni kidogo.

Lakini wale walioandika juu ya gurudumu hilo wakati ule hawakusema kwamba uzito ndio uliotisha zaidi. James Hardie, aliyehusika na gereza la Bellevue na kuchapisha kitabu juu ya gurudumu hilo mwaka wa 1824, alieleza kwamba kilichowavunja wafungwa moyo ni ule mwendo mmoja usiobadilika. Mtu hakuweza kwenda upesi ili amalize, kwa sababu hapakuwa na kumaliza. Hakuweza kwenda polepole ili apumue, kwa sababu gurudumu lilifuata uzito wa wote. Hakuona alichotengeneza. Katika magereza mengi gurudumu halikuunganishwa na jiwe la kusagia wala pampu ya maji. Lilizunguka bure, na watu wakasema kwamba wafungwa wanasaga upepo.

Sisi watu wa Kongo tunaijua adhabu ya wakati wa ukoloni kwa jina la mjeledi wa ngozi ya kiboko. Babu zetu walihesabiwa viboko mbele ya wenzao. Waingereza wa wakati ule walijisifu kwamba gurudumu lao ni adhabu ya kisasa, isiyotoa damu. Tuone basi lilivyotumika mbali na macho yao.

Jamaica, miaka ya 1834 mpaka 1838

Tarehe 1 Agosti 1834 sheria ya kuondoa utumwa ilianza kutumika katika makoloni ya Uingereza. Lakini katika visiwa kama Jamaica watumwa hawakuachwa huru siku hiyo. Waliwekwa kwanza chini ya kile kilichoitwa uanagenzi: waliendelea kumfanyia kazi bwana yuleyule, bila mshahara kwa sehemu kubwa ya wiki, na ilipangwa kwamba wa mashambani wangekaa hivyo mpaka mwaka wa 1840. Bwana hakuruhusiwa tena kuwachapa yeye mwenyewe. Sasa alipaswa kuwapeleka mbele ya hakimu, na hakimu aliwatuma kwenye nyumba ya kazi za adhabu. Na ndani ya nyumba hizo ndimo lilimowekwa gurudumu la Cubitt.

Mwaka wa 1837 kijana mmoja, James Williams, mwenye umri wa miaka 18 hivi, alipelekwa Uingereza na watu waliopigana na utumwa. Mmoja wao, Joseph Sturge, ndiye aliyelipa feza za kumkomboa. Habari zake zilichapishwa katika kitabu kidogo, na Waingereza wengi walisoma kwa mara ya kwanza jinsi gurudumu lilivyotumika huko. Williams alieleza kwamba watu walifungwa mikono kwenye upau wa juu. Aliyechoka na kukosa kidaraja alibaki akining'inia, na vidaraja vikawa vinampiga miguuni. Wanawake nao walipandishwa, na msimamizi alisimama nyuma na mjeledi. Kumbe mjeledi haukuondoka, uliongezewa mashini.

Serikali ya Uingereza ilituma watu wa kuchunguza, na habari nyingi za kijana huyo zikaonekana kuwa kweli. Hasira ya watu ilisaidia kufupisha uanagenzi. Tarehe 1 Agosti 1838, miaka miwili kabla ya wakati uliopangwa, ulikwisha.

Tunasimulia jambo hili kwa sababu linaonyesha ubaya wa mashini ile ulikuwa wapi. Haukuwa katika kutembea. Haukuwa hata katika kuchoka. Mkulima anachoka kila siku. Ubaya ulikuwa kwamba aliye juu ya gurudumu hakuwa na uwezo wa kulisimamisha. Tulishike neno hilo, tutalirudia tukifika dukani.

Huko Uingereza kwenyewe gurudumu liliendelea kwa miaka 60 zaidi. Mwandishi Oscar Wilde, aliyehukumiwa mwezi wa Mei 1895 kwenda gerezani miaka miwili pamoja na kazi ngumu, alipandishwa gurudumu katika gereza la Pentonville. Alitoka mwaka wa 1897 afya yake ikiwa imeharibika, akafa Paris mwaka wa 1900. Sheria ya magereza ya mwaka wa 1898 ndiyo iliyolifungia njia gurudumu hilo, na mwanzoni mwa karne ya 20 likatoweka.

Munganga anapanda mashini

Wakati gurudumu lilipokuwa likitoka gerezani, ndugu yake alikuwa akiingia maabara. Mjini Berlin, mtaalamu Nathan Zuntz alitaka kujua mwili unatumia hewa kiasi gani wakati wa kazi. Tatizo lake lilikuwa rahisi kueleza: mtu au farasi akitembea nje, vyombo vya kupimia haviwezi kumfuata. Basi yafaa atembee huku akibaki mahali pamoja. Mwaka wa 1889 Zuntz na mwenzake Lehmann walikuwa na mashini yenye mkanda unaozunguka, na farasi alitembea juu yake.

Hapa jambo kubwa lilibadilika katika ufundi. Katika gurudumu la Cubitt, uzito wa watu ndio uliozungusha mashini. Katika mashini ya mkanda, mota ndiyo inayovuta, na mtu anafuata. Marekani, Claude Hagen alipata hati ya uvumbuzi wa mashini ya mazoezi yenye mkanda mwaka wa 1913. Kuanzia mwaka wa 1927 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa na maabara iliyochunguza uchovu wa mwili, na mashini kama hiyo ilikuwa chombo chao cha kila siku.

Lakini aliyeipa mashini hii heshima hospitalini ni munganga wa moyo Robert Bruce, wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Kabla yake, aliyetaka kujua kama moyo unaweza kazi alimwambia mgonjwa apande na kushuka vidaraja viwili, kipimo kilichotolewa na munganga Arthur Master mwaka wa 1929. Kwa wengine kilikuwa chepesi mno, kwa wengine kizito mno. Bruce, pamoja na fundi Wayne Quinton, aliendeleza mashini ya mkanda kwa ajili ya hospitali katika miaka ya 1950. Mwaka wa 1963 alitangaza kipimo chake kinachotumika mpaka leo. Mgonjwa anaanza kwa mwendo wa kilomita 2.7 kwa saa, juu ya mkanda ulioinuliwa kwa asilimia 10. Kila dakika tatu mwendo na mwinuko vinaongezwa. Nyuzi zilizobandikwa kifuani zinaandika mapigo ya moyo, na munganga anatazama.

Linganisheni, ndugu wasomaji. Ni mwendo uleule wa kupanda bila kufika. Lakini sasa kuna mtu pembeni ambaye kazi yake ni kusimamisha mashini mara tu maumivu ya kifua yanapoanza au alama mbaya inapoonekana. Mgonjwa naye anaweza kusema inatosha. Mashini ya hospitali ina mwendo unaopimika, mwinuko unaopimika, na njia ya kuisimamisha. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyogeuza adhabu kuwa kipimo.

Kutoka hospitali mpaka chumba cha kulala

Mwaka wa 1968 munganga mwingine wa Marekani, Kenneth Cooper, aliyekuwa katika jeshi la anga, alichapisha kitabu chake juu ya mazoezi ya moyo na mapafu kilichoitwa Aerobics. Kilisomwa na watu wengi sana. Fundi wa mashini wa New Jersey, William Staub, alikisoma, akajiuliza: anayetaka kukimbia wakati wa baridi na theluji atafanyaje? Mashini za wakati ule zilikuwa za hospitali na vyuo, na bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Staub alitengeneza mashini nyepesi ya nyumbani, akaiita PaceMaster 600. Yeye mwenyewe aliishi mpaka mwaka wa 2012, akafa akiwa na miaka 96.

Kutoka hapo soko lilikua. Na soko lilipokua, mambo mawili yalipotea njiani. La kwanza, yule munganga wa pembeni hakuja nyumbani pamoja na mashini. La pili, ili bei ishuke, mota ilipunguzwa nguvu, mkanda ukafupishwa, ubao ukawa mwembamba. Kilichobaki kikubwa ni kioo na taa.

Hatari ya kupotea kwa yule mtu wa pembeni ilionekana wazi mwaka wa 2021. Kampuni ya Marekani Peloton ilirudisha mashini zake aina ya Tread+, 125,000 hivi, baada ya ripoti zaidi ya 70 za watu, watoto, wanyama au vitu kuvutwa chini ya mkanda kwa upande wa nyuma. Mtoto mmoja wa miaka 6 alifariki. Hiyo haikuwa mashini ya bei ndogo. Ilikuwa kati ya zile za bei kali kabisa. Bei peke yake haikuwalinda watoto.

Maswali ya dukani

Sasa twende dukani. Mashini nyingi zinazofika Lubumbashi zinapitia Kasumbalesa, nyingine mpya, nyingine zimekwisha kutumika Ulaya, Dubai au Afrika Kusini. Haya ndiyo maswali ambayo historia inatufundisha kuuliza.

Swali la kwanza: nani anaisimamisha, na namna gani? Tafuta ufunguo wa usalama, ule mdogo wenye kamba na kibanio cha kushika kwenye nguo. Banika kibanio, washa mashini kwa mwendo mdogo, kisha vuta kamba. Mkanda usipokata mwendo mara moja, acha mashini hapo dukani. Kama ufunguo umepotea, kama ilivyo mara nyingi kwa mashini zilizokwisha kutumika, na muuzaji amefunga waya mahali pake ili mashini iwake, usinunue. Huyo amekuuzia gurudumu la Cubitt. Nyumbani kwenye watoto, ufunguo huo uondolewe na kufichwa kila mara baada ya mazoezi. Nyuma ya mashini paachwe nafasi wazi ya mita mbili hivi, bila ukuta wala meza, ili anayeanguka asibanwe kati ya mkanda na ukuta.

Swali la pili: nguvu ya mota ni ya aina gani? Kwenye boksi utaona namba kubwa ya nguvu za farasi. Uliza kama ni nguvu ya kudumu au ni ile ya juu kabisa ambayo mota inaifikia kwa dakika chache tu. Inayokusaidia ni ile ya kudumu. Kwa kutembea nyumbani, nguvu 2 za kudumu zinatosha. Kwa kukimbia, tafuta 2.5 mpaka 3. Kwa sale ya mazoezi, ambako watu wanafuatana toka asubuhi, 3 na kuendelea. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mtu mzito anayetembea polepole anachosha mota kuliko kijana mwepesi anayekimbia, kwa sababu kila hatua inakandamiza mkanda juu ya ubao wakati mota inazunguka polepole na haipoi vizuri. Basi baba wa presha, ambaye anadhani mashini dogo litamtosha kwa kuwa hatakimbia, ndiye anayehitaji mota imara. Angalia pia uzito wa juu ulioandikwa kwenye mashini, na uhakikishe unazidi uzito wako kwa kilo 20 hivi.

Swali la tatu: mkanda una urefu na upana gani? Beba mita ya fundi, pima mwenyewe sehemu ya kukanyaga. Kwa kutembea, urefu wa sentimita 120 na upana wa 40 au 45 unaweza kutosha. Kwa kukimbia, tafuta 140 kwa 50. Mtu mrefu atafute 150. Mkanda mfupi unakulazimisha kukata hatua, na magoti ndiyo yanayolipa. Inua mkanda kidogo, pitisha vidole chini yake: ubao ukiwa umechimbika au kuungua katikati, mashini imechoka. Uliza pia mafuta ya silikoni ya kupaka chini ya mkanda. Bila mafuta hayo, msuguano unaua mota, na mota ni ngumu kupata hapa.

Swali la nne: umeme. Mashini iliyotoka Marekani inataka volti 110 au 120, na yetu ni 220. Ukiichomeka moja kwa moja, umeitupa. Soma kibandiko nyuma kabla ya kulipa. Kisha piga hesabu. Nguvu moja ya farasi ni wati 746. Mota ya nguvu 3 ikifanya kazi yote inavuta zaidi ya wati 2,200, yaani ampere 10 na zaidi. Jenereta ndogo ya kuwashia taa na televisheni haiiwezi, na paneli mbili za jua juu ya bati haziiwezi pia. Delestaji tunaijua sote. Umeme ukikatika ghafla mkanda unakwama chini ya anayekimbia, ndiyo sababu vyuma vya kushika pembeni si pambo. Umeme ukirudi na nguvu nyingi, unaunguza kadi ya ndani. Weka stabilizeta yenye uwezo mkubwa kuliko mota, na mwite fundi wa umeme afunge waya wa ardhi, maana mtu anayetoka jasho akishika chuma kisicho na waya wa ardhi anahatarisha maisha yake.

Kwa sale zilizo katika karteri ambamo umeme unakosekana siku nzima, kuna jibu moja la kufikiria: mashini isiyo na mota, yenye mkanda uliopinda kama bakuli. Hapo miguu ya mtu ndiyo inayouzungusha. Ukienda mbele unaongeza mwendo, ukirudi nyuma unapunguza, ukiacha kusukuma unasimama. Inachosha kuliko ile ya mota, na si nzuri kwa mzee au mgonjwa anayeanza. Bei yake ni kubwa. Lakini haijui delestaji, na haina kadi ya kuungua.

Swali la tano ni lile la James Hardie: je, utaweza kuvumilia? Kutembea mahali pamoja, mbele ya ukuta mmoja, kulichaguliwa kuwa adhabu kwa sababu kunachosha akili. Hilo halikubadilika kwa kuweka kioo cha rangi. Mashini nyingi za nyumbani zinaishia kuwa mahali pa kuanikia nguo, na si kwa sababu wenyewe ni wavivu. Kabla ya kununua, lipia mwezi mmoja katika sale iliyo karibu na upande mashini yao mara tatu kwa wiki. Ukimaliza mwezi na bado unaenda, nunua. Ukiacha katika wiki ya pili, umeokoa mamia ya dola.

Mwinuko unasaidia hapa. Mashini yenye mwinuko unaobadilika inampa mtu kazi bila kumlazimisha kukimbia, na inavunja ule mwendo mmoja. Uchunguzi wa Jones na Doust, uliochapishwa mwaka wa 1996, ulionyesha kwamba mkanda ukiinuliwa asilimia 1, kazi ya mkimbiaji inakaribia ile ya kukimbia nje penye upepo. Kwa mwenye magoti mabaya, kutembea kwenye mwinuko wa asilimia 4 au 5 kunafanyisha moyo kazi kuliko kukimbia kidogo na kuacha.

Nyumbani au sale?

Kwa jamaa nyingi, jibu letu ni hili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku, siku tano. Kutembea upesi kwenda kazini na kurudi kunahesabiwa, na hakuhitaji volti. Feza za mashini mbovu zingeweza kulipa kipimo cha presha, dawa za miezi mingi na viatu vizuri. Mashini ya nyumbani ina maana kwa yule ambaye barabara imemfungia njia kweli: mama anayetoka kazini usiku, mgonjwa ambaye munganga wake anataka atembee mahali pa tambarare karibu na watu, mtu anayelea watoto peke yake. Na aliye na presha, sukari au maumivu ya kifua aone munganga kwanza, maana nyumbani hakuna Bruce wa kumtazama.

Kwa vijana wa likelemba, msinunue mashini ya nyumbani kwa ajili ya sale. Garanti ya mashini za nyumbani kwa kawaida haikubali kazi ya sale, na mota yake haikutengenezwa kwa watu 30 kwa siku. Mashini moja ya nguvu, hata iliyokwisha kutumika lakini iliyopimwa vizuri, ni bora kuliko mbili mpya zitakazokufa kabla ya mwaka. Wekeni kando sehemu ya feza kwa ajili ya mkanda wa pili, mafuta na stabilizeta. Andikeni kwenye daftari tarehe ya kupaka mafuta. Na mchague mtu mmoja kwa kila saa ya mazoezi ambaye hatapanda mashini, atasimama pembeni akiwatazama wanaopanda, mkono wake karibu na ile kamba nyekundu.

Mwandishi wenu, Lubumbashi.